Kitambaa Ndani ya Bomba

Mume wangu ni fundi wa magari, na hilo nalisema mapema kwa sababu baba yake hajawahi kulisema. Mzee alikuwa dereva wa ofisi hadi alipostaafu. Mtaa mzima unamwita Dereva, na ana gari moja kuukuu analolitunza kuliko alivyomtunza mama mkwe, Mungu amrehemu. Kila asubuhi hulifuta vumbi, kisha hufungua boneti na kuipangusa injini kama anayeandaa vyombo vya wageni. Hana dogo. Ukiuegemea mlango wake kidogo tu, utasikia anakohoa huko aliko.

Shida ilikuwa moja, gari lilivuja oili. Popote lilipolala liliacha doa jeusi chini. Mume wangu alibadilisha gasketi ya juu, likakauka kwa muda, kisha likaanza tena. Akabadilisha sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili, likavuja nyuma. Akashusha sampu, lile karai la chini linalobeba oili, akaifunga upya kwa gasketi mpya. Tukashangilia. Doa likarudi palepale. Kwa gari la mtu mwingine angenawa mikono na kumwambia mwenyewe ajaribu kwingine. Hili lilikuwa la baba yake.

Isitoshe, kibanda cha kinyozi kilitazamana na gereji yetu, na Dereva alishinda pale akimchambua mwanawe. "Huyu wangu anabahatisha tu," alisema kwa sauti ya makusudi. "Gari la baba yake mzazi linamshinda, la kwako ataliweza wapi?" Watu walicheka, halafu wakapeleka magari yao ng'ambo ya barabara, kwa fundi mwenye gereji ya kuezekwa tuliyemwita Tajiri. Baba mkwe alikuwa anatunyang'anya tonge mdomoni, nasi tukaambiwa ni utani wa mzee.

Siku moja akasimama mlangoni kwetu, mikono nyuma.

"Kesho gari nalipeleka kwa Tajiri."

"Baba, nipe leo tu," mume wangu akasema.

Alijua, nami nilijua, kwamba gari lile likionekana kwa Tajiri tumekwisha. Kama baba mzazi hamwamini fundi, jirani amwamini kwa lipi?

"Haya, leo." Mzee akavuta kiti, akaketi kusimamia. Kinyozi na wateja wake wakasogea kuangalia sinema ya bure.

Safari hii mume wangu hakukimbilia spana. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akaniomba poda yangu na kuinyunyiza kila mahali mpaka injini ikawa nyeupe.

"Anaipeleka harusini," kinyozi akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Akawasha gari, tukasubiri. Oili ikitoka juu huteremka na kusambaa, kwa hiyo panapolowa sipo panapovuja, lakini juu ya poda huacha njia yake. Njia zilijitokeza juu, mbele na chini, zote kwa mpigo, na zote zilianzia alipoweka vitu vipya. Nilimwona amesimama, tambara mkononi, anawaza. Sili mpya haziharibiki zote pamoja. Kuna kitu kinazisukuma kutoka ndani. Akafungua mfuniko wa kumiminia oili injini ikiwa inanguruma, na upepo ukamrushia oili usoni. Injini ilikuwa haipumui.

Kuna bomba la mpira ambalo injini hutolea pumzi yake. Hakuwahi kulishughulikia, maana ndilo pekee lililokuwa safi pale. Akalichomoa, akaingiza waya, akavuta. Kikatoka kitambaa kilichosokotwa vizuri, kimelowa chapachapa. Alipokikamua kikaonekana ni kipande cha kaki chenye mstari mwekundu, ile sare ya madereva wa ofisi ya mzee. Bomba hilo hutema kamoshi na vitone, na mtu asiyevumilia injini chafu huona dawa ni kuliziba.

Mume wangu alimnyooshea baba yake kitambaa kile. Mzee alikitazama, uso ukamshuka. Akainuka, akakitwaa, akakitia mfukoni mwa suruali yake iliyopigwa pasi, oili ikapenya mpaka nje. Kisha akawageukia watu.

"Mmeona? Kitambara alichosahau ndani mwenyewe! Si niliwaambia anabahatisha?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akanishika mkono.

"Samahani, baba," akasema.

Nilikasirika, na hasira ile ninayo mpaka leo. Tulipokuwa tunafunga nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Si amekiona? Anajua ni yeye."

"Na hiyo inakutosha?"

Alipangusa spana, akaiweka, akaichukua akaipangusa tena.

"Hainitoshi," akasema.

Gari halikuvuja tena. Wateja nao hawakurudi, maana nani ampelekee gari fundi anayesahau matambara ndani ya injini? Tulifunga gereji. Mume wangu akavuka barabara kuomba kazi kwa Tajiri, akapewa.

Juzi nilimpelekea chakula nikakuta gari la Dereva limeinuliwa kwa jeki. Mzee mwenyewe alikuwa kando, kifua mbele. "Hapa ndipo penye mafundi," alikuwa akimwambia Tajiri. "Tangu niache kule kwa mwanangu, halijadondosha hata tone." Chini ya gari ilitokeza miguu ya mtu aliyelala chali akifanya kazi. Baba mkwe akaiangalia miguu ile kuanzia kisigino hadi goti, na niliona wazi kwamba ameitambua. Akasogea ili asiikanyage, akaendelea kusifu. Chini ya gari spana ilinyamaza kidogo, halafu ikaendelea kukaza.