Choa Kwenye Mgongo wa Warsidi

Pikipiki ilizama matopeni, kwa hiyo Retno, mpimaji wa maabara, alimalizia safari kwa miguu juu ya tuta la mpunga, hadubini ya zahanati kaikumbatia, na bata wapatao mia tatu wakimfuata kana kwamba ndiye mchungaji wao. Kijiji hicho hakuwahi kukifikia.

Mchungaji mwenyewe alikuwa barazani akimsubiri: Warsidi wa Brebes, aliyefiwa na mke miaka mingi, ambaye kila msimu huhamisha bata wake shamba hadi shamba wakiokota punje za mavuno. Miaka thelathini ya kaptula iliyolowa ilimpa viduara vyekundu kuanzia kiunoni hadi mabegani. Sasa Kasmirah, muuza mboga za mchuzi wa karanga, alikuwa amekubali posa yake kwa sharti moja: ngozi ipone kwanza. Na baada ya wiki sita mashamba yatalimwa upya. Bata lazima wahame, awe na mke au asiwe naye.

Retno alikwangua ngozi kwa wembe, akatia tone la dawa kwenye kioo, akachungulia. Hola, hata dalili ya kuvu.

"Mzee, huu mgongo umeufanya nini?"

"Nimeusugua kwa jiwe, binti. Nikapaka mzizi wa lengkuas uliopondwa, ule kama tangawizi, kisha poda. Mtu ataendaje mbele ya mtumishi wa serikali na magamba yake?"

"Magamba ndiyo niliyoyafuata huku kote. Siku tatu usioge, usipake kitu."

"Mbele ya mchumba wangu?"

"Usijali," alisema Kasmirah, aliyekuwa mlangoni. "Nitakaa upepo unakotoka."

Siku ya nne watu walijaa barazani, pua zimezibwa kwa kanga za kiunoni. Retno alikwangua ukingo wa duara, akachungulia, akaanza kucheka peke yake: nyuzi za kuvu, zenye matawi, tele. Akawaita waone.

"Kumbe wanapendeza," alisema Warsidi.

Kasmirah alichungulia kwa muda mrefu. "Na wametulia mahali pamoja. Wamekushinda."

Dawa ilikuwa ya kupaka mara mbili kwa siku, ivuke ukingo wa duara kwa vidole viwili. Kaptula iwe kavu, taulo lake peke yake. Na ngozi ikitakata, aendelee wiki mbili zaidi. Ila mgongo haukufikika, na mchumba hawezi kumshika mwanamume kabla ya ndoa. Kasmirah akafunga kitambaa kwenye mwiko, akampaka akiwa mlangoni, asubuhi na jioni, majirani wakimwelekeza.

"Kushoto. Shangazi, umeruka pale."

"Huo mwiko si wa mboga zetu?"

Wiki ya nne mgongo ulitakata. Warsidi akataka imamu aitwe.

"Binti alisema wiki mbili zaidi," Kasmirah alimjibu. "Geuka."

Wiki ya sita Retno alirudi, akakwangua tena. Kioo kilikuwa kitupu, na safari hii hakuna aliyesugua kitu. Alasiri hiyo hiyo wakaozeshwa.

Kulipokucha bata walishika njia. Warsidi alitangulia na fimbo yake. Kasmirah alifuata na sufuria mgongoni, akimfokea avae kaptula kavu. Retno alibaki juu ya tuta, akicheka, mpaka bata wa mwisho akavuka mfereji.