Waya Laini wa Anaclet

Anaclet aliingia dukani kwa Madame Godelieve saa nane mchana, Alhamisi moja ya Januari, akitoka moja kwa moja kazini bila hata kupitia nyumbani kula. Miguu ilikuwa mizito kana kwamba ameazima ya mtu mwingine. Tangu alfajiri alikuwa ndani ya ghala la vyakula vilivyogandishwa, kule Anderlecht, akipanga maboksi ya mboga na samaki kwenye baridi inayokausha pua. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na saba. Duka hilo la vifaa vya uvuvi alikuwa akiliona kila siku kupitia dirisha la basi, na siku hiyo ndiyo aliyoshuka kwa mara ya kwanza.

Aliyemtuma ni mdogo wake Éliézer. Baada ya kutoka Uvira walipotezana katika kambi ya wakimbizi, mmoja akaishia Ubelgiji, mwingine akapelekwa Finland. Miaka ishirini hawakuonana. Sasa tikiti ilikuwa tayari, ya Februari, na Éliézer alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, akimwita yaya, kaka mkubwa, kama zamani: "Yaya, huku ziwa yote inaganda. Tunatoboa shimo, tunakaa juu ya barafu, tunavua. Utafute kintu ya kukuonyesha kama samaki imeuma. Kila muntu anachaguaka yake."

Madame Godelieve alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Wateja wake wengi walivua kwenye mfereji na mabwawa ya karibu, lakini alikuwa na droo moja ya watu wanaokwenda Sweden wakati wa baridi. Akaimwaga mezani: vifaa vya kila namna vya kuonyesha samaki ameuma.

"Samaki gani?" akauliza kwa Kifaransa.

"Wadogo. Wa kutosha kiganja, wa kukaanga wazima."

Akaisukuma kando kengele. Samaki wa namna hiyo, alisema, hana nguvu ya kuipiga. Kibendera kinachoruka juu nacho akakitoa: hicho ni cha samaki mkubwa, unakitega kisha unakwenda kukaa mbali. Boya likafuata, kwa sababu shimo likianza kuganda, boya linashikwa na barafu na halisemi kitu tena. Zikabaki nyaya mbili nyembamba za kufunga kwenye ncha ya fimbo, kila moja ikiwa na ushanga wa rangi ya chungwa mwishoni. Mmoja ulikuwa mgumu, mwingine laini.

"Mgumu hautishiki na upepo," alisema. "Laini unainama hata samaki akigusa chambo na mdomo tu. Lakini mtu mwenye mkono mzuri anaweza kuvua bila waya wowote. Hebu."

Akampitishia uzi juu ya kidole cha shahada, vilevile Anaclet alivyokuwa akivua samaki wa mikeke na mjomba wake kwenye Ziwa Tanganyika. Akamwambia atazame barabarani. Anaclet akatazama magari yanavyopita. Akangoja.

"Nimevuta mara ngapi, monsieur?"

"Bado hujaanza."

Madame Godelieve akauachia uzi. "Mara tano," akasema.

Anaclet alicheka, akasema amechoka tu, akachukua nyaya zote mbili na kutoka. Ndani ya basi aliviangalia vidole vyake kama mtu anayesoma barua ya habari mbaya. Kusema kweli alikuwa akijua. Majira mawili ya baridi sasa vifungo vya shati vilikuwa vikimsumbua, na siku moja aliungua kwenye sufuria akagundua kwa harufu. Hakumwambia mtu. Pale ghalani, mwenye mikono mibovu nafasi yake hujazwa wiki hiyohiyo.

Nyumbani alimkuta mkewe, Pétronille, amelala kwenye kiti kirefu na koti lake mwilini. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya Koekelberg, na siku nyingine hata viatu vilimshinda kuvua. Anaclet alijaza ndoo maji, akaufunga waya mgumu kwenye mpini wa mwiko kwa utepe wa gundi, kisha akajaribu kufunga uzi. Fundo likafunguka. Akajaribu tena, na tena, akiuma midomo, mpaka uzi ukaanguka ndani ya ndoo.

"Papa Jémima, leta."

Hakujua mkewe, aliyemwita kwa jina la binti yao, ameamka saa ngapi. Pétronille alilifunga fundo kwa harakati moja, kisha akavishika vidole vyake na kuvibonyeza kimoja kimoja.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Depuis quand? Tangu lini?"

"Mwaka ya pili."

Hakupiga kelele. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo. "Naoshaka wazee ya batu bengine kila siku, naangalia mikono yabo," alisema, "na ya bwana yangu siioni." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Bon. Shika mwiko."

Akatumbukiza mkono ndani ya maji, akauvuta uzi polepole kama mdomo wa samaki mdogo. Waya mgumu haukutikisika. Wakafunga ule laini, na ushanga ukashuka, ukapanda, ukashuka.

"Hiyo nimeiona," alisema Anaclet.

"Alors, njo hiyo. Na lundi unaenda kwa docteur, mbele ya Finlande."

Alikwenda Jumatatu hiyo, kabla ya safari. Daktari alisema mishipa imeharibiwa na baridi, na kwamba hisia fulani hazitarudi tena. Akaandika cheti asirudishwe kwenye chumba cha kugandisha. Msimamizi wake aliguna, akamhamishia kwenye mlango wa kupokea malori, kwa saa chache kuliko zamani.

Februari, juu ya ziwa, upepo ulimdanganya asubuhi yote. Ushanga ulitetemeka, akainua fimbo, hakuna kitu. Mwishowe aligeuza ndoo aliyokalia, akaukinga upepo kwa mgongo, akatulia. Ushanga ulishuka taratibu, haukupanda. Alipoinua, samaki wa ukubwa wa kiganja, mwenye mistari ubavuni, alirukaruka juu ya barafu, na Éliézer akapiga yowe la utotoni huku akimtoa ndoana.

Walikuwa wamepata tisa Éliézer alipomimina chai. Anaclet alikuwa amechoka, uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauutoi. Akaweka fimbo chini, akamweleza mdogo wake habari yote ya mikono kabla hajaulizwa.

Éliézer alisikiliza mpaka mwisho, akivuta kofia masikioni.

"Na miye mugongo inaniuma, yaya," akasema. "Sijaambiaka muntu."

Anaclet akainuka, akampa ndoo akae, kisha akasimama nyuma yake kumkinga upepo.