Verna Akaa Meza ya Wanawake

Verna Tibbets aliendesha gari la kuondoa theluji na kumwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo sote tulidhani ni mwanamume, naye akatuacha tudhani. Alipofika sitini na tatu, akiwa amestaafu, aliandikia kila jirani barua fupi: jina langu ni Verna, mimi ni mwanamke, nimechoka kujificha, na theluji ya uani kwenu nitaendelea kuiondoa. Kijiji kilisoma hadi mwisho, kikashusha pumzi kwa lile la theluji.

Shida ilikuja Jumanne ya kabla ya Kwaresima. Siku hiyo kanisani kwetu wanaume hupika chapati za maji, wanawake wakakaa na kuhudumiwa, mara moja tu kwa mwaka. Na mpishi mkuu, tangu mimi sijazaliwa, alikuwa Verna.

"Sasa unasimama jikoni au unakaa?" Murdo, msaidizi wake, alimuuliza mlangoni pa ukumbi, mwiko mkononi. "Maana chapati zangu mimi, mbwa huzinusa akaenda zake."

"Nikipika watasema, si tulijua, mwanamume yuleyule. Nikikaa, je, wakininyanyua?"

"Nani akunyanyue, na kilo zote hizo?"

Verna hakucheka. Ile mikono iliyozoea usukani ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya skafu ya maua. Nilikuwa karibu nikipanga vikombe.

Bi Harriet, mkuu wa meza ya wanawake kwa umri na kwa ulimi, aligonga kiti kitupu kando yake. "We Verna, umeziba mlango, baridi inaingia. Njoo ukae."

Verna akakaa ukingoni mwa kiti, kama anayesubiri kuitwa na daktari. Murdo akaleta sahani. Chapati zilikuwa nyeusi pembeni, mbichi katikati.

Meza ile haili kimya. Mpishi husimama mbele yake, na kila mwanamke humtolea kasoro moja, ndiyo malipo yao wanawake kwa kupika mwaka mzima. Miaka yote Verna ndiye aliyesimama pale akisemwa.

"Za kwako mwaka juzi zilikuwa sponji, sijasahau," Bi Harriet alimwambia Verna. Wenzake nao wakamchambua Murdo mmoja mmoja, mpaka wakafika kiti cha mwisho, cha Verna.

"Haya, mwenzetu," Bi Harriet akasema. "Bado wewe."

Verna alitafuna. Akatafuna tena.

"Murdo, ndugu yangu," akasema taratibu, "hii niliikuta barabarani mwezi wa pili, nikaimwagia chumvi."

Meza ikaangua kicheko, hadi Bi Harriet akavua miwani ajifute machozi. "Rudi nyuma kitini, mama, utaanguka."

Verna akaegemea kabisa, akamsukumia Murdo sahani.

"Lete nyingine. Na hiyo uigeuze."