Nanyama na Kidonda cha Nelima

Nanyama wa Naitiri alikuwa mtu wa kuku. Alizipeleka soko ya Kitale, na hakuna siku kuku yake ilisimama hapo ikisinzia kama za wengine. Watu walisema ana bahati. Bahati gani? Alikuwa anafungua kapsuli za watu, anamwaga unga kwa maji, na kuku zote zinakunywa, mgonjwa na mzima. Mtu akipona kifua, dawa iliyobaki ilikuwa ya kuku. Hata majirani walimletea mabaki, vile mtu huletea mbwa ugali ya jana.

Ukimwambia kitu, alikuwa anakijua tayari.

Binti yake Nelima aliolewa Kachibora na kijana mpole anaitwa Kigen. Alipozaa kwa kupasuliwa huko Kitale, Nanyama alimchukua na mtoto akawaleta Naitiri, ati wakwe hawajui kupikia mzazi uji. Nelima alitoka hospitali na dawa, akaambiwa ameze mpaka ziishe. Akameza kidogo, kidonda kikakauka, maumivu yakapoa.

"Sasa unameza nini na hauumwi?" Nanyama akamwuliza.

"Daktari alisema nimalize, mama."

"Daktari ndiye atanyonyesha? Dawa mingi inakausha maziwa. Leta hapa."

Nelima akaleta. Kwa hiyo nyumba mama akisema leta, unaleta. Vifaranga wakanywa.

Kidonda kikaanza kulowa tena. Nanyama alikuwa anatoka kwa kuku, anapangusa mikono kwa leso, anafungua kapsuli ya jirani na kunyunyiza unga juu ya kidonda kama chumvi kwa nyama. Kigen alikuja kuona bibi yake, lakini kwa mila ya Wabukusu, watu wa kina Nanyama, mkwe haingii nyumba mama mkwe ameketi. Akasimama nje.

"Mama, anaendeleaje?"

"Anakula. Wewe enda ukalime."

Na Nanyama hakutoka hapo ndani hata kidogo, kijana wa watu akarudi kwake bila kuona kitu.

Nelima alipoanza kuongea na watu hawako, ndio akapelekwa hospitali Bungoma. Ulimi yake ilikuwa imeota utando mweupe. Daktari, kijana anaitwa Kibe, akasema huo ni ukungu; dawa ya bakteria haiugusi, inaua tu majirani wake na kuuachia shamba. Huo una dawa yake. Shida ni kidonda.

"Dawa alipewa inabomoa ukuta wa bakteria, zinapasuka zinakufa," Kibe akasema. "Lakini hizi za kwake zimeshazoeana na dawa. Kila mahali dawa inamwagwa ovyo, zile nyonge zinakufa, zile sugu zinabaki na kuzaa. Zingine zinafundisha wenzao ujanja. Zinatembea hata kwa mikono. Kwenu mnafuga?"

"Kuku kidogo tu," Nanyama akasema.

Kuku kidogo. Akaona kibanda chake chote kichwani, kinyesi na vikopo vya maji, na mikono yake ikitoka huko ikienda kwa tumbo ya binti yake. Hakusoma, lakini hiyo hesabu haikutaka shule.

"Na dawa alimaliza?"

Nanyama alifungua mdomo. Nelima akamtangulia kutoka kitandani, sauti kama ya mtu ako kwa kisima.

"Ni mimi niliacha, daktari. Niliona nimepona."

Hapo ndipo mama alipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Akaufunga, akapanga blanketi ya mgonjwa ambayo haikuwa imevurugika.

Wakajaribu dawa nyingine, na nyingine kali kuliko hiyo. Figo ikachoka kabla ya bakteria. Nelima akafa mvua ikinyesha, mtoto akilia kwa mgongo wa Nanyama.

Walimzika Kachibora. Kigen alisimama mbele ya watu, kofia mkononi, akasema bibi yake alikuwa mtu mzuri, kosa lake ni moja, alikuwa kichwa ngumu kwa mambo ya dawa. Kina mama wakatikisa kichwa: wasichana wa siku hizi. Mmoja akamgeukia Nanyama, akamshika mkono.

"Pole, mama. Ulijaribu. Hakukusikia."

"Hakunisikia," Nanyama akasema.