Mji Niliompa Bibi

Kila sauti ile ya mwanamke asiyeonekana inapotangaza ndani ya treni, "Rayners Lane," mimi hutabasamu peke yangu kama mtu aliyeitwa na rafiki. Abiria wenzangu huinuka na kutafuta mifuko yao. Wao wanadhani wamefika kituoni tu. Mimi najua kwamba tumeingia katika mji wa bibi yangu. Ni mali yake halali, kwa sababu nilimpa mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka minane.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana watu huniuliza nimewezaje kujifunza lugha nyingi. Kazi yangu ni kuwafundisha Kiingereza wageni wanaofika London, na njiani nimeokota Kifaransa, Kireno, Kipunjabi cha kunitosha dukani, na sasa Kisomali, ambacho bado kinanitoa jasho. Wanaoniuliza hutarajia nitaje kitabu fulani, au programu ya simu. Huwajibu kwamba nilifundishwa na kikongwe mmoja wa Pemba ambaye, wakati ule, hakuijua hata njia ya kwenda kununua mkate.

Tulikaa Wembley, mama na mimi, katika fleti ambayo siku za mechi ilijaa vifijo vya uwanjani kana kwamba watu wanatushangilia sisi tukila chakula. Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, na zamu zake hazikuwa na mpango. Babu alipofariki kule Wete, mama akamleta bibi, Bi Mkasi, aje akae nasi. Alifika na sanduku lililonukia samli na mkeka mpya, na kuanzia asubuhi iliyofuata nyumba yetu ikaanza kunukia chila, ile mikate laini ya mchele.

Tatizo lilikuwa mimi. Kiswahili nilikisikia chote, hata kile ambacho watu wazima walidhani wanafichana. Lakini nilijibu kwa Kiingereza. Haukuwa ujeuri. Siku moja nilipoongea kwa simu na binamu zangu wa Pemba nilitamka sentensi moja, wakacheka mpaka simu ikawaponyoka. Tangu hapo nikaufunga mdomo wangu. Bibi akiniuliza kama nimekula, "Yes, Bibi." Akiniuliza shule ilikuwaje, "Fine." Maneno hayo aliyajua upesi, na upesi vilevile akayachoka.

Jioni moja nilimsikia jikoni akizungumza na mama.

"Mwanangu, nirudishe kwetu. Hapa nimekuwa pambo la kochi. Wewe huna nafasi, na huyu mtoto ananisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Nje siwezi kutoka, nitapotea."

Mama akafunga bomba la maji. "Subiri kiangazi kipite, mama. Kama bado moyo hautaki, nitakukatia tiketi."

Nilibaki nyuma ya mlango. Nilizipenda chila zile. Niliupenda mkono wake kichwani mwangu akinisuka, mkono usiovuta nywele. Sikutaka aondoke, na sikuwa na mdomo wa kumwambia.

Aliyenisaidia, bila kujua, ni jirani yetu wa chini, Mama Harjit, Mpunjabi aliyezaliwa Nakuru. Alipanda ngazi na sahani ya bajia, akasimama mlangoni macho yaking'aa.

"Mama, mimi nasikia hapa juu watu iko ongea Kiswahili! Mimi zaliwa Nakuru. Lakini Kiswahili yangu sasa iko na kutu mingi sana."

"Kutu husugulika, mwanangu," bibi akamjibu. "Pita ndani."

Wakazungumza mpaka chai ikapoa na kupashwa tena. Kila sentensi ya Mama Harjit iliingia shimoni, ikatoka, ikajipangusa vumbi na kuendelea na safari. Bibi alicheka mara nyingi, lakini alicheka pamoja naye. Simu haikumponyoka mtu. Mimi nilikaa kando nikistaajabu: kumbe mtu anaweza kukosea hivi, na bado akaongezewa chai!

Mgeni alipoondoka, bibi akanigeukia. "Haya, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa kwetu baina ya bibi na mjukuu wa kike. "Kitendawili!"

"Tega," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kumpa.

"Nyumba yangu haina mlango."

Jibu nililijua. "Egg."

"Sikusikia. Nipe mji."

Wewe unaijua desturi yetu. Aliyeshindwa humpa mtegaji mji, naye husafiri kwa maneno mpaka huko, akarudi na jibu. Wengine hutoa Unguja au Mombasa. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho: Rayners Lane, alikokaa Bi Salma, rafiki wa mama, mtu wa Chake, ambaye tulikuwa tukienda kwake kila Idi.

Bibi akakunja mikono. "Siupokei. Mji usioijua njia yake si wako, huwezi kuugawa. Nielekeze."

"Bibi… unatoka. Unakwenda… kule."

"Kule wapi? Kule kuna watu wengi."

Hivyo ndivyo tulivyoupitisha ule wakati wa kiangazi. Kila jioni nilishindwa kitendawili, na kila jioni bibi alidai njia yake. Nikamtoa mlangoni, nikampitisha kwa muuza mboga, nikamvusha barabara penye taa. Nilipokosea hakunisahihisha, alilirudia neno langu likiwa limenyooka, kama anavyomkunjulia mtoto ukosi wa shati, kisha akauliza, "Halafu?" Nikamfikisha kituoni, kwenye reli ambayo ramani yake ina rangi ya zambarau zilizoiva.

Hapo tukakwama. Bibi alisoma Kurani na barua za hati ya Kiarabu, lakini herufi za Kizungu zilimpa taabu, na treni za pale hazielekei pahali pamoja. Yetu ilikuwa ile ya Uxbridge. Nilifikiri sana, nikiiwaza ile herufi U.

"Neno lake linaanza na kikombe, Bibi. Kama hakuna kikombe, usipande."

"Kikombe kina mkono?"

"Hakina."

"Basi ni kikombe cha kahawa," akasema, akaridhika. "Endelea."

Mwisho wa likizo, Mama Harjit alinipeleka maktaba. Tuliporudi, mlango ulikuwa umefungwa na buibui la bibi halikuwapo kwenye msumari. Nilimpigia mama kazini.

"Hayupo? Unasemaje hayupo?"

"Ametoka, Mama! Ametoka peke yake!"

Hakuna aliyegundua kwamba nilisema kwa Kiswahili, hata mimi. Nilikaa kwenye ngazi, Mama Harjit kanishika bega, nikiipitia njia yote kichwani. Je, nilimwambia kulia au kushoto? Nilimwambia atelemke upande gani? Binamu zangu walikuwa na haki ya kucheka. Kiswahili changu kibovu kimempoteza bibi yangu katika jiji zima la London.

Kisha tukasikia kandambili zikipanda ngazi polepole. Bibi alitokea na mfuko wa mihogo, uso umemeremeta jasho.

"Bi Salma anawasalimu," akasema. "Kikombe kilichelewa kidogo."

Nilimkumbatia mpaka mihogo ikamwagika.

Jioni ile mama aliwahi kurudi. Bibi alipoketi, nikamtangulia kwa mara ya kwanza. "Kitendawili!"

"Lo! Tega, mke mwenzangu."

"Nyumba yangu ndefu. Inameza watu hapa, inawatapika kule."

Bibi alikunja uso. Akaitazama dari, akaitazama mihogo, akatikisa kichwa. "Umeniweza."

"Nipe mji!"

"Nakupa Wete."

Mama, aliyekuwa akimimina chai, akasita na birika mkononi. "Wete, mama? Nzima?"

"Nzima. Na nyumba yangu imo."

Nami, kwa kuwa sheria ni sheria, nikamwambia anielekeze. Akanielekeza nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, kwa sauti ya chini, mpaka nikasinzia pajani mwake kabla ya kufika.

Ninapokwama leo katika Kisomali mbele ya wanafunzi wangu, sioni haya. Nawaambia sijui, chukueni mji, nielekezeni. Nao hunielekeza kwa furaha, kwa sababu hakuna mgeni asiyependa kuulizwa njia. Miji niliyoitoa hivyo ni mingi, na kila nilipotoa mmoja nilirudi na neno. Ukiwa nawe umeufunga mdomo wako kwa sababu mtu alicheka, jaribu.

Lakini kitendawili kile cha treni nilijigamba nacho miaka mingi, kwamba siku moja nilimshinda Bi Mkasi wa Wete. Nilikuwa mtu mzima, niko ndani ya treni ya reli ileile ya zambarau, niliposhtuka kwamba bibi jioni ile alikuwa ametoka kutelemka kwenye jibu lenyewe. Nikakumbuka birika lililosita hewani, na kwamba habari ya tiketi haikutajwa tena nyumbani kwetu. Mama alielewa palepale. Mtu hagawi mji anakokusudia kurudi kuishi.