Vidole Vinne vya Pindo

Nilikuwa fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka moja sokoni Kakamega, na maringo nilikuwa nayo. Futi niliivaa shingoni kama urembo tu. Mteja akivuka barabara kuja kwangu, jicho limeshampima kifua, kiuno na urefu, na nguo ingemkaa sawasawa. Haki sidanganyi.

Kisha miaka ya tisini mitumba ikaingia, marobota kwa marobota! Nani tena atashonesha gauni? Watu wakaniletea kazi moja tu: "Fundi, nipunguzie." Wazungu ni warefu, sisi tuko hivi tulivyo. Asubuhi hadi jioni nafumua kwa wembe, nakata vidole vinne, napiga pindo. Vumbi la nguo zile likanipa chafya, chafya ikawa kikohozi. Zamani nilikuwa nasimama, nazunguka meza, nakata; sasa nilishinda nimeinama, mgongo ukiniwaka na macho yakitoa machozi bila msiba.

Siku moja mamangu akaja kutoka Shinyalu na kitambaa cha buluu amekifunga kwa leso. Jumapili angepokewa katika chama cha akina mama kanisani, mbele ya watu wote.

"Nimewaambia gauni atanishonea mwanangu," akasema. "Usiniaibishe."

Kitambaa kilikuwa hicho kimoja. Hata mwenye duka alikuwa ameacha kuuza vitambaa, rafu zote zimejaa mitumba.

Mama alipoenda, nikachora chaki, nikakata, nikashona kwa raha zangu. Nilipofika chini, Mungu wangu, mkono ukapima vidole vinne ukakata. Haukuniuliza! Mazoea yana taabu.

Jumamosi mama akalivaa. Magoti yakachungulia nje. Akajitazama, akanitazama.

"Ai! Kwani mimi pia nimetoka kwa mitumba? Mbona umenipunguza?"

Tulicheka hadi akakalia kiti cha wateja. Halafu nikajikuta nalia, na safari hii halikuwa vumbi. Niliona aibu kweli.

"Wewe fundi, nyamaza," akasema. "Ulikuwa unashonanga vizuri. Ongeza kitu hapo chini."

Nikachukua shuka jeupe la mtumba, nikalichana.

"Simama wima, mama."

Nikavua futi shingoni, nikampima kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kiunoni hadi chini. Kisha nikarudia, kwa sababu sikujiamini.