Bashi ya Buluu Nyuma ya Nyumba ya Misionere

Mwezi uliopita nilikwenda kuutafuta mtaa wetu, upande wa Musonoi, na sikuupata. Dereva wa moto, yaani pikipiki, alinishusha mbele ya ukuta mrefu wa saruji wenye nyaya juu yake, akaniambia ni hapa, mama. Nikamwambia si hapa. Akacheka, akageuza moto yake, akaenda zake. Nikasimama nikitazama chini, nikijaribu kukisia jiko letu lilikuwa wapi, na mlinzi akatoka kwenye kibanda kuniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta nyumba. Alinitazama miguu, akautazama mkoba wangu, akaniambia nisogee. Simlaumu hata kidogo. Kolwezi mtu akisimama akikodolea macho udongo, ana lake jambo, na mimi mwenyewe nililelewa kuamini hivyo.

Aliyenilea ni kaku, mama yake baba. Watu wake walitoka Kasai, wakaletwa huku kwa kazi ya mgodi, na babu alipokufa alimwachia nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na uwanja mdogo nyuma. Hakuwa na kitu kingine duniani, na alikuwa akikuambia hivyo hata kama hukumuuliza. Asubuhi aliwasha mbabula, lile jiko letu la makaa, kisha akatwanga sombe mpaka uwanja mzima ukanukia majani ya muhogo. Mchana baruti ya mgodini ililipuka, sahani zikatetemeka kabatini, naye akasema tu, "Banaamuka bale," akaendelea kusonga bukari, ugali wetu. Tulikula bukari ya moto na sombe na kipande cha samaki tomsoni. Nikiikumbuka harufu ile nasikia njaa hata kama nimetoka mezani sasa hivi.

Lakini usidhani kwamba ulikuwa mtaa wa amani. Mtaa wa pili mtu alikuwa akichimba choo, akakuta udongo mweusi wenye kobalti, na tangu siku hiyo watu wakaanza kuchimba chini ya vitanda vyao. Ukiona mtu ametundika bashi nyuma ya nyumba, yaani lile turubai la plastiki, basi ujue kuna shimo. Bashi ilizuia mvua, na macho ya watu pia. Kwetu hakuna aliyekuwa ametundika bado, ila kila mmoja alimsikiliza mwenzake. Kaku akishasali asubuhi alilala kifudifudi na kutega sikio sakafuni. Aliogopa mtu achimbe njia ya chini kwa chini hadi kwake, nyumba ya babu izame naye akiwa ndani. Baba alimwambia aache hayo, naye alimjibu kwamba wasiosikiliza ndio wa kwanza kuzama.

Ng'ambo ya barabara iliishi familia ya misionere. Walitoka Brezili, mume, mke na binti mmoja wa rika langu, wametumwa na kanisa la kwao kuja kufundisha Neno. Mume aliimba vibaya na kwa sauti kubwa, na watu wakampenda kwa hilo. Binti yao alishinda kwetu, akila sombe kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, na kaku alimwita mjukuu wake mweupe. Halafu msimu mmoja wa mvua misionere alikuwa akirudi kutoka Sandoa, gari likateleza kwenye matope likapinduka. Mgongo uliumia vibaya, mguu wa kushoto ukavunjika. Wakampeleka kwao kwa upasuaji. Tuliagana nao kanisani kwa machozi, tukajua basi, ndiyo mwisho.

Wakarudi. Yeye akiwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, hapungi mkono kwa mtu. Walifunga mapazia, na mapazia yakabaki yamefungwa.

Jumapili ya kwanza mke wake alisimama kanisani akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwetu, "Wale balitutuma banasema hivi: mvua ikiisha, kama bwana yangu hajasimama kwa miguu yake, turudie kwetu kabisa. Shiye tunataka kubaki. Mutuombee." Mchungaji aliomba, watu wakasema amina. Tulipotoka nje kaku alinikamata mkono, akaniambia sikioni, "Muntu mwenye kuvunjika anabakiaka kwabo. Huyu anarudia huku juu ya nini?"

Swali hilo lilizunguka mtaani kuliko maombi yenyewe. Na majibu yalikuja kwa baiskeli. Kwanza ilikuja mifuko ya mchanga. Yakafuata mabomba ya chuma, kisha fundi mwashi ambaye hakutaka kusema amefanya kazi gani, na toroli la udongo lililotoka nyuma ya nyumba. Kisha, mchana kweupe, mke wa misionere akatundika bashi ya buluu kuzunguka baraza ya nyuma. Buluu ileile ya wachimbaji. Mtaa mzima ulimwona akifunga kamba, na hakuna aliyeuliza kitu, maana hapakuwa tena na la kuuliza.

Asubuhi kutoka kule nyuma tulisikia mikwaruzo, kishindo, na mwanamume akiguna. Hata ile habari ya mvua ikapata maana nyingine. Nani asiyejua kwamba mashimo hujaa maji wakati wa mvua, na mtu mwenye akili husubiri kiangazi? Siku ambazo mke alipanda moto kwenda vijiji vya upande wa Nzilo, kuwafundisha akina mama wa kule kazi ambayo mume wake alikuwa ameiacha, watu walisema anakwenda kutafuta mnunuzi. Akirudi amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, walisema tazama, huo ni udongo wa wapi.

Nami niliamini, na nilikuwa na sababu yangu. Rafiki yangu, yule binti wa misionere, hakuja tena kwetu. Nilikwenda kugonga mlango, akaufungua kidogo tu, akasimama kwenye upenyo. Nikamwuliza kama naweza kuingia. Akasema, "Papa hapendi." Mama yake akiwa Nzilo yeye ndiye aliyebaki na baba yake, na nilimwona ana mchanga kwenye vidole. Niliumia sana. Niliona wamepata utajiri, na sombe yetu haiwatoshi tena.

Aliyesema kuliko wote ni jirani wa upande wetu wa kushoto. Alikuwa kreseri, mchimbaji wa mikono, ingawa siku hizo alijidai ameacha kwa sababu ya kifua. "Mi najua kuchimba," alimwambia kaku juu ya ukuta. "Bale banachimba. Na banakuya huku kwako, mama." Alitaka shefu wa mtaa, kiongozi wetu, awaambie waondoke, nyumba ifungwe. Kaku alimsikiliza akichambua mchicha. Wiki hiyo alikuwa amesikia sauti sakafuni kwa sikio lake mwenyewe, tu, tu, tu, na hakulala vizuri tangu hapo.

Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi kaku alivaa kitenge chake cha kanisani, akamchukua shefu wa mtaa nyumbani kwake kabla hajamaliza chai, akasema wanaingia kwa misionere kuangalia. Jirani akasema hapana, tupeleke kwanza maneno ofisini. Kaku akamjibu, "We njo unajua kuchimba. Kuya utuonyeshe." Watu walikuwa wakitazama, jirani akafuata. Mimi nilishika kitenge cha kaku na hakuna aliyenifukuza.

Tulizunguka nyumba. Kaku hakupiga hodi, na hilo si kawaida yake. Aliishika ile bashi akaivuta kwa pembeni.

Ilikuwa baraza ya saruji. Mabomba mawili ya chuma yalikuwa yamesimikwa kwenye nguzo, marefu, yakienda sambamba, yanafika kiunoni. Katikati yake alisimama misionere amevaa kaputula, amefungiwa kifuko cha mchanga kwenye kila kifundo cha mguu, na mguu wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko mkono wangu. Jasho lilimtoka hadi puani. Mke wake alikuwa mbele yake, anarudi kinyumenyume, mikono ameinyoosha kama mtu anayemwita mtoto. Rafiki yangu alikuwa chini, anarekebisha kifuko kilicholegea. Alinitazama, na uso wake ulisema alikuwa akijua siku zote kwamba nitakuja kuwacheka.

Misionere alipotuona aliachia mkono mmoja, sijui kutusalimu au kujifunika. Akaanguka.

Shefu wa mtaa alikimbilia kumwinua. Mke akasema, "Musimuguse. Lazima asimame yeye mwenyewe." Basi tukasimama kumtazama. Alijivuta hadi kwenye nguzo, akapumzika, akajivuta tena. Mtu mzima, mwalimu wetu wa Neno, analia bila sauti mbele ya shefu wa mtaa. Nilitaka ardhi inimeze. Uwanja wote ukawa kimya, kimya ambacho mtaa wetu haukuwahi kuwa nacho.

Hapo ndipo tuliposikia. Tu, tu, tu. Kutoka chini.

Jirani akaanza kukohoa. Alikohoa kwa nguvu, ameinama, anajipiga kifua. Kaku akamwambia, "Nyamaza." Aliendelea. Kaku akamshika mdomo kwa kiganja chake, mwanamume mzima yule, na sote tukasikia vizuri, tu, tu, tu, chini ya saruji ambayo misionere alikuwa ameilalia.

Shefu na watu walikwenda moja kwa moja kwa jirani, wakalikuta shimo chumbani kwake, chini ya kitanda. Njia ilipita chini ya barabara ikafika hadi chini ya baraza ile, na vijana wake walikuwa mle ndani wanafanya kazi, hawajui tajiri wao amekwenda kukagua wezi. Alikuwa anafuata mwamba wenye mali, na mwamba ulielekea kwa misionere, ndiyo maana alitaka nyumba ile iwe tupu. Bashi ya buluu ilimfaa kuliko hata kimya. Kila mtu aliyesikia kelele aliitazama ile, na yeye akachimba kwa raha zake.

Kaku hakuomba msamaha, hakuwa mtu wa hivyo. Alimwambia mke wa misionere kwamba baraza yao haifai tena. Akarudi kwetu, akachukua mchi wa kutwangia sombe, akagonga uwanja wetu wote hatua kwa hatua, ameinamisha kichwa anasikiliza, mpaka karibu na jiko aliporidhika. Hapo yakasimikwa mabomba. Mke akataka kutundika bashi, kaku akakataa katakata. Alisema ameona bashi za kutosha maishani mwake.

Ikawa kila asubuhi misionere anatembea uwanjani kwetu na kaku anatwanga pembeni. Rafiki yangu alirudi kwenye mbabula. Hatukuzungumza habari ya siku ile, ila kwa muda mrefu alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho kabla ya kucheka, na nilistahili. Watu walikuja kutazama, na baadhi yao, nakuambia kweli, walikuja kuhakikisha kama mguu ule ni mgonjwa kweli. Misionere alianguka mbele yao wote. Kabla mvua hazijaisha alikwenda kanisani kwa fimbo na miguu yake, akahubiri amesimama, akaimba vibaya kama zamani. Waliomtuma wakakubali abaki, wakampangia nyumba upande wa pili wa mji.

Ila siri ya udongo wetu ilikuwa imetoka. Jirani aliamriwa afukie, na akafukia kidogo. Wengine walisema kama mwamba unapita pale, basi unapita na kwangu. Kiangazi kile zilitundikwa bashi kila upande. Kaku akilaza sikio sakafuni hakujua tena asikilize upande gani. Siku moja tukaona ufa ukutani mwa chumba chake, mwembamba, na baada ya muda mkono wangu uliingia.

Baba alikodi gari la kuhamisha vitu. Kaku alikaa kitandani akasema haondoki, nyumba ni ya mume wake. Baba alimbembeleza, mchungaji akambembeleza, hakuinuka. Mchana misionere akafika na watu wa kanisa. Aliingia mle ndani na fimbo yake, ukuta umefunguka nyuma yake, akampa kaku mkono wake wa pili aushike.

Kaku aliutazama ule mkono, kisha ule mguu. "Utaanguka, papa," akasema.

"Mi najua kuanguka, mama," misionere akamjibu. "Simama tuende."

Akasimama. Walitoka polepole, hatua moja moja, hujui nani anamshika nani. Nyumba ilizama mvua zilipoanza, na zile nyingine zikafuata, mpaka kampuni ikaja kujenga ukuta kuzunguka kilichobaki. Kaku alifia Lubumbashi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo hakuipenda hata siku moja. Rafiki yangu hunipigia simu, huniambia baba yake bado anachechemea, bado anahubiri huko huko Kolwezi, na hataki kusikia habari ya kurudi kwao. Wale tuliotaka waondoke wamebaki. Wenye mtaa ndio hatupo.